Dobi Amana na Koti la Meneja

Nianze na hili ili tusisumbuane mbele: mimi benki siipendi. Sikuipenda kabla ya mambo haya, na sasa ndiyo kabisa usiniulize. Nikipita mbele ya jengo lao lile la vioo, na yule mlinzi anavyokukagua utadhani umekuja kuiba hewa, nasonya kwanza ndipo nipite. Lakini habari hii si yangu. Ni ya shemeji yangu, mume wa dada, dobi, mtu mpole mpaka anakera.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Amana, na jina hilo amelipata kwa kazi. Ukimpelekea nguo, kabla haijagusa maji anapekua mifuko yote, mpaka kile kimfuko kidogo cha ndani ambacho hata mwenye suruali amekisahau. Anachokikuta, iwe noti au ganda la karanga, anakitia kwenye bahasha, bahasha anaipa namba ileile ya nguo, anaandika daftarini, anaitundika msumarini. Kama ni karatasi haisomi. Anatazama kichwa chake tu, anakiandika, ili mwenyewe aitambue. Siku ukija kuchukua nguo zako anakusomea kwa sauti kila kilichokutwa, unasikiliza, unasaini, ndipo unakabidhiwa. Zamani mteja mmoja alidai pete yake imepotelea kwetu, ikawa kesi, ikawa aibu, kumbe pete kaiacha kwa mtu ambaye hakutakiwa kuwa kwake. Tangu siku hiyo shemeji akaapa kwamba mali ya mtu itasomwa hadharani.

Na sauti yenyewe sasa! Miaka ishirini na miwili ya kuongea juu ya mlio wa maji na mvuke imemharibu, hajui tena kunong'ona. Kuna fundi umeme mmoja alikuja kuchukua suruali akiwa na mkewe. Shemeji akafungua daftari: "Suruali ya kijivu, namba kumi na nne. Bisibisi moja. Tiketi mbili za sinema, za Jumamosi." Mke akamgeukia mume, akamwuliza taratibu Jumamosi alitazama sinema na nani. Yule bwana mpaka leo anafua mwenyewe. Nikamwambia, shemeji, mambo mengine yafumbie macho. Akanijibu, "Zilikuwa mfukoni, shemeji. Ningeandika nini, ndizi?"

Kazini tuko watatu. Shemeji anafua, dada yangu anakaa pembeni na sindano akirudishia vifungo na kutia viraka, mimi napiga pasi. Chumba ni kimoja, kirefu. Mfereji wa maji machafu uliopo sakafuni shemeji aliuchonga mwenyewe kwa patasi na nyundo, wiki tatu nzima, kila asubuhi kabla ya kufungua. Juu kuna tangi alilolipandisha kwa kamba na marafiki wawili, nyuma uani kuna waya za kuanikia, ukutani nyaya nene za pasi kubwa ya mvuke. Chumba kama hicho hukibebi kichwani ukahamia nacho kwingine. Na mlangoni kuna kibao alichokiandika siku ya kwanza: NGUO HAITOKI KABLA YA KULIPIWA. KITU KIKIKAA ZAIDI YA SIKU THELATHINI, ADA YA KUTUNZA NI MIA MOJA KWA SIKU.

Hiyo ada ya kutunza hajawahi kumtoza mtu. Kuna koti limetundikwa kwetu tangu mwanangu hajaota meno, na sasa mwanangu ananyoa ndevu. Lakini ile sheria ya kwanza, ya kulipa kabla ya kuchukua, aliishika kwa wote, awe mwalimu, awe polisi, awe mama mkwe wake. Aliivunja mara moja tu, na aliivunja kwa ajili ya benki.

Walikuja wenyewe. Makoti ya wafanyakazi kumi na moja kila wiki, na mapazia kila mwezi. Wakasema malipo yataingia kwenye akaunti yake mwisho wa mwezi. Nikamwonyesha kibao kwa kidole. Akacheka. "Shemeji, hao ni benki. Benki itakimbilia wapi?" Nikamwuliza dada yangu kama kaolewa na mtu mwenye akili timamu. Mtu anayemsomea fundi umeme tiketi zake mbele ya mkewe, leo anamfulia kwa mkopo mwenye jengo la vioo!

Sasa sikiliza mchezo ulivyochezwa. Pasi ya mvuke shemeji aliinunua kwa mkopo wa benki hiyohiyo. Kila tarehe moja wanakata rejesho lao, na hapo hawachelewi hata dakika. Pesa ya kufuliwa makoti yao ilitakiwa iwe imeshaingia jana yake. Mwezi wa kwanza ikachelewa siku tisa. Kachelewesha nani? Wao. Rejesho likakatwa kwenye akaunti isiyotosha, akaunti ikaingia hasi elfu tatu. Elfu tatu tu, jamani! Basi wakaanza kumtoza kitu wanachokiita ada ya salio hasi, elfu mbili kila siku. Siku tisa, elfu kumi na nane. Halafu wakamwandikia barua ya kumjulisha kwamba anadaiwa, na barua yenyewe wakamtoza elfu tano. Umewahi kuona mtu anakupiga kofi kisha anakudai nauli ya mkono wake?

Mwezi wa pili wakachelewa siku kumi na mbili. Wa tatu, kumi na sita. Kila mara ada, kila mara barua. Na kwa kuwa pesa ikija inakuta ada zimeshatanguliza mdomo, akaunti haikupata nafasi ya kupumua. Mimi na dada tulikaa tukajumlisha nyuma ya lebo ya nguo: elfu themanini na tisa.

Kodi ya chumba ni elfu themanini na tano, na hatukuwa nayo. Mwenye nyumba naye alikuwa kapata mtu wa kamari za mpira, wa kumpa mara mbili, kwa hiyo alichokuwa anatafuta ni sababu. Akaja akasimama mlangoni asikanyage maji. "Amana, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini Ijumaa hii mwisho wa mwezi, ikifika saa kumi na moja jioni sijaona kodi yangu, nafunga." Alipomaliza akatoa futi mfukoni akaanza kupima upana wa mlango. Anakuheshimu, huku anapima mlango! Dada yangu akarudi kwenye kushona. Alichukua uzi akajaribu kuutia kwenye sindano, mara nne, ukamkosa mara zote nne.

Shemeji akavaa shati lake la kwendea watu, tukaenda benki. Mimi sikutaka, nilimwambia nitamtukana mtu. Akasema, "Njoo, utashika daftari."

Mara ya kwanza tulimkuta karani wa malalamiko, binti mwenye kucha za bandia ndefu, anaandika kwenye kompyuta kwa mafundo ya vidole. Hakuinua macho. "Mzee, huo ni mfumo," akasema.

"Mfumo ndio nani?" nikauliza mimi.

"Mfumo ndio unaokata, dada. Sisi hatukati."

"Basi tuitie huyo mfumo tuzungumze naye. Au naye yuko likizo?"

Shemeji akanikanyaga mguu. Binti akasema turudi na taarifa ya akaunti. Tukarudi siku ya pili kuichukua: elfu moja kwa kila ukurasa, kurasa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa mtupu kabisa, una nembo yao tu na neno moja chini: TUNAKUJALI. Elfu moja ya kujaliwa hiyo. Shemeji aliikunja akaitia mfukoni kwa adabu. Mimi ningeila mbele yao waone.

Mara ya tatu, Jumanne, tukafika kwa meneja. Kijana bado, amejaza kiti, amevaa koti ambalo kola yake niliinyoosha mimi kwa mikono hii. Shemeji akaeleza polepole, bila kuruka tarehe. Meneja akatabasamu. "Mzee wangu, benki haikosei. Malipo yako yalichelewa kwa sababu ankara yako ilichelewa."

"Ankara naileta tarehe ishirini na tano, bwana," shemeji akasema, akafungua daftari. "Tarishi wenu anaipokea, anasaini. Huu mwezi wa kwanza. Huu wa pili. Huu wa tatu."

Meneja hakulitazama. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu kana kwamba limeloa. Kusema kweli lilikuwa limeloa kidogo. "Hili si hati ya kibenki," akasema.

"Lakini saini ni ya mtu wenu."

"Mzee, kila mtu akija hapa na daftari lake la nyumbani tutafunga benki." Akacheka peke yake. Kisha akasimama, maana mwisho wa kusikilizwa umefika. "Na kesho tunakuletea makoti. Yawe tayari Ijumaa asubuhi, yametakata kwelikweli. Tuna mgeni mkubwa kutoka makao makuu."

Mnajua shemeji alimjibu nini? Alimjibu, "Yatakuwa tayari."

Njia nzima nilimsema. Nilimwambia, wewe ni mtu au ni kitambaa? Mwenzio anakukausha, na wewe unamwahidi wanga mpya kwenye kola! Watu wanasema mnyonge hana haki, lakini mnyonge mwingine haki yenyewe anaikunja vizuri anampelekea mwizi mlangoni. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyarudia hapa. Yeye anatembea tu, daftari kwapani. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Shemeji, makoti hayajanikosea kitu." Nikaingia ndani nikaipiga ndoo teke, nikaumia kidole.

Jumatano tarishi akaleta makoti. Shemeji alikuwa uani anaanua mashuka, na mimi, kwa hasira zangu za jana, nikaamua kupekua mifuko mwenyewe. Si kazi yangu, najua. Kwenye koti la meneja, mfuko wa ndani upande wa kushoto, nikakuta karatasi mbili zimebanwa pamoja, zimekunjwa mara nne. Nikazikunjua. Nikazisoma. Sioni haya kusema.

Ulikuwa waraka kutoka makao makuu kwenda kwa mameneja wote, wa miezi miwili nyuma. Unasema kwamba ada zote za salio hasi zilizotozwa pale benki yenyewe ilipochelewesha malipo zirejeshwe, kamili, kwa mteja yeyote atakayelalamika. Na chini, mstari wa mwisho, wameandika: wateja wasiolalamika wasishtuliwe.

Ebo! Yaani lile daftari letu lilipokuwa linasukumwa kwa ncha ya kalamu, waraka huu ulikuwa umelala juu ya moyo wa yule kijana, joto la kifua chake linaupasha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chetu sisi kilikuwa nguoni mwa meneja. Nilipiga ukelele dada akajichoma sindano.

Shemeji akaingia mbio, mashuka begani. Nikamwelekezea karatasi usoni. "Tumewapata! Waraka huu tuupige picha sasa hivi. Tuubandike mlangoni, tuupeleke kwa watu wa magazeti, tuu..."

"Huo umetoka wapi?"

"Kwenye koti lake."

"Na wewe umeusoma?"

"Nimeusoma na nimeuhifadhi kwa moyo! Nikusomee?"

"Usinisomee." Akaweka mashuka chini. Sijawahi kumwona amekasirika, kwa hiyo ilinichukua muda kutambua kwamba ndiyo hasira zake hizo. "Uutie kwenye bahasha."

"Shemeji, chumba kinaondoka!"

"Kikiondoka kimeondoka. Mtu akiniletea nguo ananiletea na mifuko yake. Nikianza kuwasoma watu mifukoni, mimi na hao tofauti yetu ni nini?"

Dada akamshika mkono. "Baba watoto," akamwambia, "mara moja tu. Kwa ajili ya mfereji wako huo."

Shemeji akatazama mfereji. Maji ya povu yalikuwa yanapita taratibu kuelekea uani. "Mara moja nilishaifanya," akasema. "Niliwafulia bila kulipwa. Umeona ilikonifikisha."

Basi akanipokonya waraka, akatazama kichwa chake pale juu, hicho tu, akakiandika daftarini kama anavyoandika kila siku. Akaukunja mara nne vilevile, akautia kwenye bahasha, akaandika namba saba. Mimi nililia. Si kwa huzuni, kwa hasira, na kwa dharau pia. Nilimdharau mume wa dada yangu siku ile, naikiri. Niliona mtu anaipeleka familia yake barabarani kwa sababu ya adabu za mifuko. Lile koti nilipolipiga pasi, mkono wangu ulibaki mahali pamoja muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Harufu ya kuungua ilipoanza ndipo nikaunyanyua.

Ijumaa asubuhi tarishi hakuja. Meneja akapiga simu mwenyewe, anapumua kwa haraka: tarishi katumwa maua, mgeni yuko njiani, makoti yaletwe upesi. Shemeji akayatundika yote kumi na moja kwenye fimbo, ncha moja begani kwake, nyingine begani kwangu, bahasha akazitia kapuni, tukaenda. Dada alibaki mlangoni. Mwenye nyumba naye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha kukunja upande wa pili wa barabara, anasubiri saa kumi na moja tangu saa tatu.

Benki ilikuwa imejaa, mwisho wa mwezi, foleni imejipinda mara tatu. Meneja alikuwa mlangoni na shati tu, jasho limemlowesha kwapa. "Weka pale kaunta, mzee. Weka tu, nenda."

"Bado sijakusomea, bwana."

"Kunisomea nini?"

"Vilivyokuwa mifukoni. Siku zote mifuko ya makoti haya huja mitupu, tarishi anasaini, yanaisha. Safari hii kuna bahasha tano."

"Baadaye, mzee!"

"Hapana, bwana. Mali ya mtu haitoki mkononi mwangu bila kusomwa na kusainiwa."

Wakati wanavutana hivyo, mlango wa vioo ukafunguka, akaingia mama mmoja mfupi, miwani, viatu bapa, mkoba umemshinda ukubwa. Kwa jinsi meneja alivyokakamaa nikajua mgeni ndiye huyu. Mama akasimama, akauliza kuna nini. Shemeji akamweleza utaratibu wake kwa maneno kumi.

"Mwache asome," mama akasema. "Huo ni utaratibu mzuri. Ningependa hata hapa ndani tuwe nao."

Shemeji akafungua daftari. Na ile sauti yake sasa, ya juu ya maji na mvuke, ndani ya ukumbi wa vioo! Foleni nzima ikageuka.

"Koti namba moja. Kalamu za benki, tatu. Saini hapa. Koti namba mbili. Peremende mbili, moja imeshanyonywa." Watu wakaanza kucheka. "Koti namba tano. Kucha ya bandia, moja." Yule binti wa malalamiko akaficha mkono chini ya meza. "Koti namba sita. Risiti ya viatu." Akafungua ukurasa wa pili. "Koti namba saba, la bwana meneja. Kitana kimoja. Karatasi mbili zimebanwa pamoja, kichwa chake: Waraka kwa mameneja wote, kuhusu kuwarejeshea wateja ada walizotozwa kwa ucheleweshaji wa benki."

Kicheko kikakatika. Ungesikia pini ikianguka, na sisi pini tunazo nyingi.

Mtu mwingine angeishia hapo. Shemeji yangu hakuishia, kwa kuwa ukweli ulikuwa haujakamilika. "Kwa kawaida karatasi za wateja hazisomwi ndani," akaendelea, sauti ileile. "Hii ilisomwa. Ilisomwa na shemeji yangu huyu, bila ruhusa. Anaomba radhi."

Mimi? Radhi? Thubutu!

Yule mama wa makao makuu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote. Mpaka pale chini panaposema wasiolalamika wasishtuliwe."

Hapo ndipo palipolipuka. Mzee mmoja kwenye foleni, viatu vimejaa saruji, akauliza, "Ada gani hizo?" Mwingine akasema, "Hata mimi nilikatwa!" Mama mwenye kapu akasema amekatwa miezi saba mfululizo na kila akiuliza anaambiwa mfumo. Ile foleni ya kutoa pesa ilivunjika yote ikahamia dirisha la malalamiko, mlinzi anapiga filimbi hakuna anayemsikia. Wasioshtuliwa wakawa wameshtuka.

Mgeni akatuingiza ofisini. Akamwuliza shemeji, "Na wewe una malalamiko?"

"Ninayo, mama. Nimeyaleta mara tatu."

Akachukua daftari, lilelile lililoloa, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, anageuza kwa kidole kimoja asilichane. Akamwonyesha meneja. "Saini hii ni ya tarishi wenu?" Meneja akalamba midomo. Akasema kwamba kwa upande wa mfumo...

"Basi aitwe huyo mfumo," nikasema. Safari hii shemeji hakunikanyaga.

Kulipa walilipa, lakini benki hata ikishindwa lazima ikuchoshe. Fomu tatu, picha mbili, sahihi ya huyu, muhuri wa yule ambaye kaenda kula. Saa tisa unusu ndipo walipotukabidhi pesa mkononi. Nilimshika shemeji mkono nikamburuta, mimi ninayemheshimu shemeji yangu, nikamburuta barabarani kama mbuzi wa mnada. Tulifika saa kumi na nusu. Mwenye nyumba alikuwa ameshavuka barabara, kasimama mlangoni na kufuli jipya bado liko kwenye plastiki, na yule mtu wa kamari kando yake.

Shemeji akamhesabia elfu themanini na tano juu ya meza ya pasi. Akamsomea. Akamsainisha. Mwenye nyumba alikuwa ananyonga kufuli lake kama shingo ya kuku.

"Umelinunua bei gani?" nikamwuliza. "Maana nasikia siku hizi vitu vinarejeshwa."

Dada yangu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia, kisha akacheka, kisha akachukua sindano na uzi ukaingia mara ya kwanza.

Mngedhani yameisha. Jioni ileile shemeji akahesabu upya, akahesabu tena. Benki kwa haraka zao walikuwa wametupa elfu tisini na tatu. Elfu nne zimezidi. Nikamwambia, hiyo ni fidia ya kidole changu cha mguu. Jumatatu akavaa shati la kwendea watu akaenda kuzirudisha.

Akarudi nazo. Yule binti alimwambia kwamba mfumo hauna mahali pa kupokea pesa ya namna hiyo, labda ajaze fomu maalum, na fomu hiyo ada yake ni elfu sita. Elfu sita ili uwarudishie elfu nne! Hata shemeji alishindwa. Akatia zile elfu nne kwenye bahasha, akaandika BENKI, akaipa namba mia mbili na sita, akaitundika msumarini kati ya bisibisi ya mtu na meno ya bandia ya mtu mwingine. "Watakuja kuzichukua," akasema.

Hawakuja. Makoti yanaendelea kuja, na sasa wanalipa kabla, tarishi anahesabu noti huku kibao kinamtazama. Mifuko yote ya makoti wameishona. Kila wiki shemeji anamwambia tarishi, "Kuna bahasha yenu hapa," na kila wiki tarishi anajibu hana mamlaka. Yule meneja alihamishwa. Nilifurahi siku mbili nzima mpaka nikasikia wamempa tawi kubwa zaidi.

Jana nikawa napiga pasi, macho yakaniangukia kibao chetu mlangoni. Nikaweka pasi chini. Nikachukua daftari, nikahesabu siku tangu ile bahasha itundikwe. Sabini na tatu. Toa thelathini za bure, zinabaki arobaini na tatu, mia moja kila siku. Nilihesabu mara mbili kwa vidole na mara moja kwa kalamu. Kisha nikachukua ule ukurasa mtupu wa taarifa ya akaunti, wenye nembo yao, ambao shemeji alikuwa ameuhifadhi kwa adabu, nikaandika:

"Kwa Benki. Mteja wetu mpendwa, bahasha yenu namba mia mbili na sita imekaa kwetu siku sabini na tatu. Ada ya kutunza imemaliza elfu nne zenu, na sasa mmeingia hasi mia tatu. Barua hii ya kuwajulisha mtailipia elfu tano."

Chini sikuandika kitu. TUNAKUJALI ilikuwepo tayari.

Shemeji akaja kutoka uani, mikono inachuruzika, akaikuta mezani. Akaisoma kwa kuinama ili isilowe. "Shemeji," akasema, "ada hiyo hatujawahi kumtoza mtu."

"Nionyeshe mtu hapo."

Akafikiri. Dada aliacha kushona. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, upande wa pili, akachukua kalamu, na mimi nikajua anaikata, nikaanza kuandaa maneno.

"Haiwezi kutoka hivi," akasema. "Haina namba." Akaandika juu, kwa herufi zake kubwa, 206, akaibana kwa pini, akanikabidhi. "Peleka leo. Na usiwaachie kaunta. Wasomee, kwa sauti, halafu wasaini."